Mwaka Ulioandikwa Msalabani

Idodi, 4 Februari 2024

Baba mdogo Clement,

Kamwene. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Mbeya? Huku tunapumua.

Kaka Sosthenes sasa mikono inacheza yenyewe, kama ya baba Silvester alipougua. Daktari wa vinasaba, wa chuo cha udaktari, anasema ugonjwa huu hurithiwa: kila mtoto wa mgonjwa, nusu kwa nusu. Ameuchora ukoo wetu kwa penseli. Kaka, kama wanaume wote, ni mraba; mimi duara. Anataka tarehe za marehemu, nawe ndiye pekee unayezikumbuka. Mchumba wangu Gerson nimemwambia ndoa isubiri. Kaka anacheka tu: "Tuogope wote, Bertha, mzigo upungue."

Mwanao,
Bertha

Mwanjelwa, 19 Julai 2024

Mwanangu Bertha,

Salamu nyingi. Kifua kimetulia. Barua hii nimeianza mara sita tangu Machi.

Kaka Silvester alifia Rujewa, tulikohamia kulima mpunga, mwaka 1988. Wewe ulizaliwa 1990. Msalaba wa kaburi lake niliuandika mimi, nikaweka 1990 ili uonekane wake. Kwa mila nilimrithi mama yako, na mtoto akahesabiwa wa marehemu. Lakini nilikuwa mwinjilisti. Usharika ungenifukuza na kumtenga mama yako. Nikawarudisha Idodi, mimi nikabaki ugenini hadi leo.

Nina miaka sabini na sita na mkono hautetemeki, tazama mwandiko. Mwambie daktari afute mstari unaotoka kwa Silvester kuja kwako. Akitaka damu yangu, nitakuja.

Baba yako,
Clement

Idodi, 2 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimepona malaria.

Damu yangu imepimwa; sina ugonjwa. Daktari aliufuta ule mstari, akapuliza vumbi la kifutio. Nilirudi nyumbani sijui nimlilie baba yupi. Gerson nilimwachilia mwenyewe Aprili, akaoa Juni. Simlaumu. Ungeandika Machi.

Kaka hawezi tena kushika kikombe. Jana nikimnywesha chai akauliza, "Majibu yako bado tu? Hao madaktari damu yako wameinywa?"

Nikamwambia bado.

"Basi tuendelee kuogopa," akasema, akacheka, chai ikamwagikia shati.

Najua umefungasha. Mama aliniambia kabla hajafa kwamba nimechukua uso wako, nikadhani ni mambo ya ukoo. Usije, baba. Akituona tumekaa pamoja atajua, na atabaki peke yake.

Mwanao,
Bertha