Santuri za Kaka Isidori

Mwisenge, Musoma
Jumapili, 14 Juni 1992

Kaka Isidori,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie shemeji Pelagia. Naamini barua hii inawakuta wazima, na kile kikohozi chako cha vumbi la Bunda kimepungua. Sisi hapa Mwisenge tunakula na tunalala, ingawa kulala kwangu siku hizi ni kwa kubahatisha. Mama bado goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana amenisema tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi kwamba mtu mzima hazunguki uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ursula na watoto hawajambo. Ursula ndiye atakayekuletea barua hii kesho kwa basi la kwanza, maana posta siiamini na siku zilizobaki hazitoshi.

Mama amesema kweli, kaka. Situlii. Kigango kilinipa kazi ya mlango wa sakristia, kazi ya siku mbili kwa seremala mwenye akili zake. Nikapima, nikakata, ukawa mfupi. Nikachukua mbao nyingine, nikapima mara mbili, nikakata, ukawa mfupi tena. Mzee Alfonce, mwenyekiti wa kigango, alikuja kuutazama, akaniuliza kwa upole kama nimeanza pombe. Nikamjibu kwamba bado, ila nafikiria. Alicheka, mimi sikucheka.

Kinachonimaliza zaidi ni muziki. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, kila duka hapa mtaani lina redio-kaseti. Salum wa hapo kona ameleta yenye sehemu mbili za kaseti, anarekodi kutoka huku kwenda huku, anauza. Zinakoroma, zinatafunwa, wanazirudisha utepe kwa kalamu, halafu wanaziweka tena kwa sauti ile ile ya mtu aliyefunikwa blanketi. Nikiwa hapo kwenye randa yangu natamani kutoka nje niwaambie hawa vijana kwamba hawajui kitu, kwamba nyumba hii hii iliwahi kuwa na vyombo ambavyo wangevivulia kofia. Kisha nakumbuka viliishia wapi, narudi kwenye randa, naharibu mbao nyingine.

Vyombo vyako, kaka. Gramafoni uliyotoka nayo Kisumu kabla mpaka haujafungwa. Amplifaya iliyotumia betri ya lori. Santuri mia moja na kumi na nne ndani ya makasha mawili, zimepangwa kwa mkono wako, za Kongo kushoto na za Nairobi kulia. Na spika mbili ambazo masanduku yake nilitengeneza mimi kwa mvule, wiki nzima, Hamduni akafunga nyaya ndani. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baada. Unakumbuka harusi ya Butiama, mwaka wa sabini na sita? Tulivipakia juu ya lori la pamba, wewe umekumbatia kasha moja na Hamduni kakumbatia jingine. Aligoma kabisa mtu mwingine asiguse sindano. Aliweka senti hamsini juu ya mkono wa gramafoni ili sindano isirukeruke wakati watu wanacheza, akasimama hapo mpaka jua likazama, hakula wali wala nyama. Wazee walicheza mpaka wakaomba maji. Ninyi wawili mlikuwa mnaitana pacha, na hakuna aliyeuliza inakuwaje Mkatoliki wa kigangoni awe pacha wa Mwislamu wa stendi.

Sasa nije kwenye kilichonishikisha kalamu. Masatu alipita hapa Jumatano akitokea Bunda, akatuambia kwamba kamati ya vibanda vya sokoni, ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake, inakaa Alhamisi hii kugawa upya vibanda vya stendi. Akasema kibanda cha Hamduni cha kutengeneza redio kitapewa muuza kaseti kutoka Mwanza. Akasema kuna wajumbe waliomtetea Hamduni, kwamba yupo pale miaka ishirini na hajui kazi nyingine, lakini wewe uliwajibu kwamba hukai meza moja na mtu aliyeuza wenzake serikalini. Masatu alisimulia hayo huku anatafuna muhogo, akaendelea na habari za mvua. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo.

Maana yake unamwaga ugali wa mtu kwa ajili ya maneno yangu. Ndiyo hayo ninayotaka kukuambia. Naomba uketi, na kama shemeji yuko karibu mwambie naye akae.

Mwezi wa pili mwaka huu, shemeji yangu Kasmiri wa Murangi alikuwa anavuta nyavu za sangara. Hizi nyavu za sasa zinashuka chini sana, si kama zile za zamani za sato na ningu. Zikanasa kitu kizito. Walidhani ni jiwe, wakavuta kwa hasira, likapanda gunia lililofungwa kwa nailoni na kamba ya nyavu. Kasmiri alilitambua kwa fundo lake, kwa sababu alilifunga yeye. Ndani yake zilikuwa santuri zako.

Najua umesimama hapo, kaka. Unajiuliza vitu vilivyochukuliwa na askari wa msako viliingiaje ziwani Murangi. Havikuchukuliwa. Hakuna askari aliyekuja kwangu. Mwaka ule wote wa themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hakuna aliyebisha mlango wangu, si askari, si mgambo, hata balozi wa nyumba kumi hakuja.

Niliogopa, basi. Wewe ulikuwa Tabora kwenye kozi yako, umeniachia vyombo nivitunze mwaka mmoja. Redioni wanatangaza, mtaani wanakamata, jirani yangu kachoma majora ya vitenge vyake mwenyewe uani, moshi ukaingia mpaka chumbani kwangu. Kila mtu anaulizwa risiti. Nani anaweka risiti ya santuri iliyonunuliwa Nairobi miaka minane nyuma? Kwanza nilivipeleka Butiama kwa shangazi Dorotea, pale Mwitongo, jirani na kwa Rais mwenyewe, nikifikiri shambani hakuna atakayetazama. Shangazi alinyanyua turubai la mkokoteni, akalishusha haraka, akaniambia, "We mtoto, huku magari ya serikali yanapitaga kila siku, na wewe unaniletea kesi? Rudi navyo!" Hata maji hakunipa.

Nikaenda Murangi. Kasmiri ndiye aliyesema tuvizamishe kama tunavyozamisha nyavu, kwa mawe chini na boya juu, halafu tukavitoe wiki mbili zijazo mambo yakipoa. Na mimi nikaona ni akili kubwa. Mvuvi anaacha nyavu zake ziwani anazikuta, kwa nini tusizikute santuri? Tulifanya hivyo saa nne asubuhi, mbele ya watu, kila mmoja akidhani tunatega. Gramafoni na amplifaya tuliziweka kwenye debe la mafuta tukaliziba kwa lami. Spika hazikukubali kuzama, zilikuwa za mbao. Nilizirudisha nyumbani nikazivunja kwa shoka, na Ursula akapikia maharage. Hayo maharage nilikula, kaka. Siku ya nne upepo ukaja, boya likakatika, nasi tukazunguka pale wiki nzima tunapapasa maji.

Uliporudi Desemba ukaniuliza vyombo viko wapi, nilishindwa kukwambia kwamba nimevitupa kwa woga wa mtu ambaye hakuja. Nikasema wamechukua. Ukaniuliza nani aliwaambia. Hapo ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema kwamba nje ya familia, aliyekuwa anajua vyombo viko kwangu ni Hamduni peke yake, kwa kuwa ndiye aliyetusaidia kuvileta. Lilikuwa kweli hilo, na ndiyo ubaya wake. Nililichagua kwa sababu nilijua utamalizia mwenyewe. Ukamalizia.

Miaka tisa sasa. Bi Kudura, mama yake Hamduni, aliyekulisha pilau kila Idi kama mwanawe, alipofariki mimi nilikuwa kwako Bunda. Watu walipita na jeneza mbele ya nyumba yako. Ulikaa barazani, hukusimama. Nilikuwa kwenye kiti cha pili, kaka. Nilikuona umeweka kikombe chini na kuvuta viatu kwa mguu, nikajua unataka kwenda, na neno moja tu langu lingekuinua. Nikakuuliza kama sukari imekolea. Hilo naliona aibu kuliko santuri, kuliko gramafoni, kuliko kila kitu.

Hata baada ya gunia kupatikana, sikujirekebisha mara moja. Debe lililofungwa kwenye kamba ile ile nalo lilipanda, lakini gramafoni na amplifaya zilikuwa donge la kutu. Santuri nzima zilikuwa sitini na tatu, lakini karatasi za katikati zimeoza zote, haijulikani ipi ni ipi. Nikapata wazo la kipumbavu zaidi ya la kwanza. Nilitaka nizisafishe, niziandike majina, nikuletee niseme serikali imerudisha. Na mtu mwenye gramafoni inayolia mkoa huu ni mmoja tu. Nilikwenda kwa Hamduni, kwenye kibanda hicho hicho, nikamwambia zilikuwa stoo ya polisi na paa lilivuja. Hakuuliza kitu. Alizipokea, akaziosha moja moja kwa sabuni na pamba, akanambia nirudi baada ya Pasaka.

Niliporudi alikuwa amemaliza. Kaka, alizitambua sitini na moja kwa masikio tu. Juu ya kila moja kaweka kipande cha karatasi ya daftari, na hakuandika jina la wimbo peke yake. Ameandika hii ilipigwa ubatizo wa Lukresia wako. Hii Isidori aliirudia mara tano siku alipopata leseni ya lori. Hii marehemu mama alikuwa anaipenda. Mbili zilizobaki zimechubuka sana, akasema aliogopa kubahatisha. Nilisoma vile vikaratasi nimesimama, nikamalizia nimekaa juu ya betri.

Ndipo akanionyesha kikopo. Ndani kulikuwa na mchanga mweupe na konokono wadogo wa ziwani aliowatoa kwenye mifereji ya santuri. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wence, polisi hawawekagi vitu ziwani." Nililia, nikamwambia yote, kuanzia shangazi Dorotea mpaka baraza lako. Alisikiliza huku anakunja waya. Nilipomaliza alisema nisikwambie. Alisema kwamba yeye ameshazoea kutosalimiwa, lakini wewe mdogo wako aliyebaki ni mimi peke yangu, na mtu akinyang'anywa ndugu uzeeni hapati mwingine. Hata kibanda wakikichukua siku moja, atafanyia kazi nyumbani, ingawa kule uchochoroni nani atamwona. Akanishikisha mkono, akarudi kwenye redio ya mtu.

Nilikubali, kaka. Hilo nalo ujue. Nilirudi Musoma nikiwa nimekubali, nimefurahi hata, nikisema mwenye haki amenisamehe basi yamekwisha. Nimebeba ruhusa yake tangu Pasaka na haikuninenepesha. Ndiyo imekata milango yote ile mifupi. Aliposema Masatu habari ya Alhamisi, niliona kwamba sasa nimezamisha mtu, na huyu anapumua, na boya lake bado liko juu ya maji, na mimi nimekaa ufukweni naliangalia.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Kasirika. Ukitaka kunirudishia Ursula bila neno la kujibu, mrudishe, ila mpe chai kwanza, hana kosa, amejua jana usiku tu na amenisema vibaya kuliko utakavyonisema wewe. Santuri sikuzileta. Ziko kwa Hamduni, kwenye kasha jipya nililolitengeneza, za Kongo kushoto na za Nairobi kulia. Ukizitaka itabidi ubishe hodi wewe mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nakuja Bunda. Najua kikao ni cha wajumbe na mimi si mjumbe wa kitu chochote. Nitaingia. Ukinipa nafasi nitasimama niwaambie wote kwamba Hamduni hakumuuza mtu, na nani aliyemuuza yeye. Ukininyima nafasi, kaka, nitasema hivyo hivyo.

Mama anakusalimia sana. Hajui ninachoandika, anadhani naomba mbao. Nisalimie Lukresia na wadogo zake, na wewe mwenyewe baki na afya, hata kama hutaki kuniona.

Ni mimi mdogo wako,

Wenceslaus Nyamhanga