Rufaa Yangu

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku sisi wazima. Goti la mama limepungua kuvimba, na paka amezalia ndani ya sanduku lako la vitabu.

Uliniuliza kuhusu masomo ya uuguzi. Wamechukuliwa wale wasichana wawili niliowafundisha mimi kupima watoto uzito. Mimi nimekwamia cheti cha kidato cha nne. Sina, na wewe unajua kwa nini sina. Tuyaache hayo.

Mkuu wa zahanati alinionea huruma, akasema, "Andika rufaa, peleka mjini." Dada, miaka kumi na saba nazunguka nyumba kwa nyumba na huu uhudumu wa afya wa kijiji, rufaa ninayoijua ni ile fomu ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Jina, langu. Umri, arobaini na moja. Tatizo: semina kumi na moja, bado yuko palepale. Huduma aliyopewa: soda na vyeti vya kuhudhuria.

Imerudi jana. Mkuu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alitaka niandike barua ya kukata rufaa! Na siku za kukata rufaa zimeshapita. Nikacheka naye, ningefanyaje?

Chini ya fomu wamepiga muhuri na kuandika: "Mgonjwa arudi kituo alichotoka." Pana nafasi ya sahihi ya anayempokea. Wiki hii zamu ya mapokezi ni yangu, Dada, kwa hiyo nimejipokea.

Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako