Nani Ameinyima Mbolea Bangi ya Babu?

Tamsin mjukuu wangu,

Nimempeleka babu yako kliniki, mjini Garberville. Maharage yako jikoni, yapashe moto. Mbwa hajala.

Sasa kitendawili: mgeni wangu anakunywa kutwa, lakini anakonda. Nani huyo? Safu ya kwanza ya bangi ya babu yako! Asubuhi nimekuta majani ya manjano. Nikaenda kwenye chupa ya mbolea, niliyoichorea alama ya penseli Jumapili. Haijapungua hata tone. Nikamuuliza mumeo. "Bibi, hiyo rangi ya vuli tu, majani hugeuka kabla ya baridi." Rangi ya vuli, na mikono kaificha mfukoni!

Najua mmesikia kwamba ikinyweshwa maji matupu kabla ya kuvunwa, moshi unakuwa laini, babu asikohoe kama mwaka jana. ~~Msiguse tena bomba.~~ Haya, endeleeni na safu hiyo. Ya pili nitailisha mwenyewe hadi mwisho. Tutazikausha zote polepole, wiki mbili, kisha babu avute bila kuambiwa ipi ni ipi.

Akikohoa kwa yangu tu, nitawaomba radhi mezani. Asipokohoa kwa yoyote, basi kosa halikuwa mbolea; mtaniambia nani aliwasha hita mwaka jana ili bangi ikauke kwa siku mbili.

Bibi yako