Baba, Nimekalia Kiti Chako

Baba,

Sijui nianzeje, maana sijawahi kuanza. Miaka yote niliyoishi kwenye mji wako sikuwahi kusema nawe uso kwa uso, na leo nimeshika kalamu nakuambia maneno moja kwa moja, kama mtu asiyefundwa. Unisamehe. Mama ndiye aliyenituma. Ameniona sili vizuri, akasema marehemu hana mkwe, niandike yaliyo moyoni nipumzike. Sidhani kama nitapumzika, lakini mama mkwe akisema, mtu anatii.

Nianze na habari uliyokuwa ukiisubiri. Pikipiki yako imewaka. Imewaka na imekimbia, upande wa Zambia, kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege ndogo ambako wenye pikipiki za kale hukutana kushindana kasi, mbili mbili, mstari ulionyooka, hakuna kona. Uliyoibeba vipande vipande kwenye magunia uliporudi kutoka migodini, ile ile. Sasa linalofuata hutalipenda. Aliyeipanda ni mimi. Mimi mkamwana wako nimekalia kiti chako.

Najua, Baba. Kwetu sisi Wandali mkamwana hakai alipokaa baba mkwe, hamtazami usoni, hamshiki, jina lake halitamki. Hapa mjini Mpemba, jirani na mpaka wa Tunduma, watu wamechanganyika na wengi wameyaacha hayo. Hata wenzetu wa kanisani walikuwa wakituona tunavyokwepana wanacheka. Wewe hukuacha, na mimi ndivyo nilivyolelewa kwetu Ileje. Nilipoolewa na Lusajo, ulikuwa ukikaribia kona ya nyumba unakohoa makusudi, ili nipate muda wa kujificha. Mara nyingine ulikohoa mpaka nikakuonea huruma, maana nilikuwa nimebeba ndoo na sikuweza kwenda haraka, nawe ukabaki umesimama kule juani ukiendelea kukohoa. Nilidhani ni mila tu. Sasa naona ulikuwa unanitunza.

Unakumbuka ilivyoanza ya gereji? Lusajo alikuwa safarini na lori, wewe ulikwenda msibani, akaja mtu wa bodaboda tairi limetoboka. Nikaliziba, maana kwa kaka yangu, mziba pancha, ndiko nilikokulia. Uliporudi uliligeuza lile tairi, halafu ukaongea na mbwa. Yule mbwa wako uliyemwita Kamati kwa sababu anabweka sana na kazi hafanyi. Ukasema, "Kamati, mwambie aliyeziba hapa kwamba ameziba vizuri." Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na kanga.

Kesho yake ukasimamisha bati katikati ya gereji, wewe huku, mimi kule, ukaacha uwazi chini wa kupitishia spana. Nikajifunza ufundi namna hiyo. Ulikuwa ukimfundisha Kamati kwa sauti, na Kamati amelala. "Kamati, plagi haikazwi kwa hasira." "Kamati, sikiliza, hiyo ni cheni au ni beringi?" Nami nikigonga bati mara moja kwamba nimeelewa. Nilijifunza kila kitu kwa masikio. Nilijua ukiwa umechoka kwa namna unavyoweka nyundo chini. Jumapili baada ya ibada, enzi ile injini ya pikipiki yako ilipokuwa bado na nguvu, nilizisikia nyayo zako zikikimbia ukiisukuma, klachi ikiachiwa, halafu ile ngurumo iliyowafanya majirani wafunge madirisha. Haina kiki, ni ya kusukuma tu. Sikuwahi kukuona ukiisukuma. Nilikuwa nimegeukia ukuta.

Baadaye injini ikachoka, ukaishusha, ukaanza kuifufua upya taratibu, huku ukimwambia Kamati kwamba utaipeleka kwenye yale mashindano ng'ambo kabla hujafa. Ilibaki kidogo sana.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Asubuhi ile ulikuwa unafunga gurudumu la nyuma. Nikasikia spana ikianguka, kisha kitu kizito, kisha kimya. Nikasema, "Kamati, muulize Baba kama amehitaji kitu." Kimya. Nikagonga bati. Nikagonga tena. Baba, masikio yangu yalishajua. Mtu aliyekusikiliza miaka yote vile asijue? Nikazunguka mpaka kwenye mlango wako, ulikuwa wazi, nikaona soli za viatu vyako zimenielekea, na nikageuza uso. Niligeuza uso. Miguu ilinipeleka barabarani badala ya kunipeleka kwako. Nikapita katikati ya malori yaliyopanga foleni ya mpakani, nikaenda kumwita fundi betri wa ng'ambo ya barabara, mwanaume, aje akushike. Alipofika alisema mwili bado una joto. Hakujua alichoniambia.

Daktari alisema moyo ukisimama vile, mara nyingi hata mtu akiwa pembeni hakuna la kufanya. Mara nyingi. Ninalirudia hilo neno nikiwa nafua, nikiwa napika, nikiwa kanisani. Na kilichonimaliza ni msiba wenyewe. Shangazi, dada yako, alisimama mbele ya wanawake akasema, "Huyu ndiye mkamwana. Hata kwenye kifo hakuvunja heshima." Wakaitikia, wakanishika mabega. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nasifiwa kwa kukuacha chini peke yako.

Tulipomaliza matanga Lusajo alitaka pikipiki iuzwe, kuna mtu wa ng'ambo alikuwa akiiulizia. Mara ya kwanza kwenye ndoa yetu nikamkatalia mbele ya watu. Nikasema nitaimalizia mimi. Wakafikiri ni mapenzi ya kazi. Hayakuwa mapenzi, Baba. Nilidhani nikikumalizia kazi yako, zile soli za viatu zitaacha kunijia.

Nikatoa bati. Ndiyo, nililitoa, sikuweza kufanya kazi nikiliona. Nikafunga gurudumu lako la nyuma, nikaunga nyaya, nikatia petroli na oili. Vijana wa bodaboda wakaja kunisaidia kusukuma pembeni ya barabara kuu. Tukasukuma. Inavuta kidogo, gurudumu la nyuma linaburuzika, inazima. Tukarudia mpaka wakaanza kunitania kwamba mzee ameondoka na ufunguo. Nikasafisha kabureta. Nikabadilisha plagi. Haikukubali.

Hapo ndipo nilipokukosea mara ya pili, na hili hakuna mtu wa kunipa pole kwa sababu hakuna anayelielewa. Niliifungua injini. Nikaitazama ile pistoni uliyoichonga kwa tupa kwa mkono wako, nikaona upande mmoja umepungua, nikasema moyoni: mzee alikuwa ameshachoka, mikono ilikuwa inatetemeka, amekosea. Nilisema hivyo juu yako. Nikaenda kwa fundi wa mashine mjini Tunduma akanichongea nyingine kutoka kwenye pistoni ya Kichina, nzuri, inang'aa, sawa pande zote. Ile yako nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mnunuzi akapita, akabeba ndoo nzima. Sasa hivi huenda imeshayeyushwa imekuwa sufuria ya mtu.

Nikafunga injini. Tukasukuma. Ikazima vilevile.

Mama alikuwa barazani anapepeta maharage. Muda wote ule alikuwa akitutazama bila neno, maana mambo ya gereji hayakuwa yake. Siku hiyo akaweka ungo chini akauliza, "Mbona hamuivuti nyuma?" Nikamuuliza nyuma vipi. Akaja mwenyewe, na kanga yake kiunoni, akashika usukani. Akasema, "Alikuwa anatia gia, anaivuta nyuma kwanza, pole pole, kama mtu aliyesahau kitu, mpaka inakataa. Ikikataa, anakamata klachi, ndipo anakimbia nayo." Tukaivuta nyuma. Ikakaza, pistoni imepata pa kuanzia mbio. Nikakamata klachi, tukasukuma, nikaachia, na ile ngurumo ikatoka, Baba, majirani wakatoka nje, na Kamati akabweka mpaka akakosa sauti.

Wote walishangilia. Mimi nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Kuivuta pikipiki nyuma hakuna sauti. Ulinifundisha yote yanayosikika, na hilo moja halikusikika, na ningekutazama Jumapili moja tu, kwa jicho la wizi, ningelijua. Pistoni yako haikuwa na kosa. Baadaye yule fundi wa mashine aliniambia, bila kujua, kwamba washindani wa pikipiki wa zamani walikuwa wakipunguza upande ule makusudi, pistoni iwe nyepesi. Nikamwitikia tu.

Ikabaki swali la nani ataipanda. Lusajo ni mzito, na unajua anavyoendesha, kama amebeba kontena. Kijana mmoja wa bodaboda akajaribu. Gia zipo mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, akachanganya, nusura aingie mtaroni. Mimi zile gia nazijua. Nimekusikia ukizibadilisha miaka yote. Mama akasema, "Panda wewe." Shangazi alikuwepo, akashika kichwa, akauliza tangu lini kiti cha mkwe kikakaliwa na mkamwana, tena mwenye kiti hata kaburi lake halijashika majani vizuri. Mama aliingia ndani, akatoka na kitenge chake, akakikunja mara kadhaa, akakitandika kwenye kiti na kukifunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Akaniambia, "Sasa unakalia kitenge changu. Mwenye neno aje aniambie mimi." Shangazi alinuna mpaka jioni, ila ugali alikula.

Tukavuka mpaka kuingia Nakonde na pikipiki juu ya pikapu. Nilivaa suruali ya Lusajo, nalo hilo nakuomba radhi. Pale getini mzee mmoja Mbemba akanipokea, "Mwaiseni, bamayo," yaani karibu mama, akidhani nimeleta chakula. Walipouliza jina la aliyeitengeneza ili walitangaze kwenye kipaza sauti, niligeuka kwa Mama, akalitaja yeye. Hilo bado sijalivunja.

Nilipangwa kushindana na baba mmoja mnene wa Kitwe mwenye pikipiki nyekundu. Bendera ikashuka. Baba, sitakudanganya. Kwa ule mstari mfupi sikukukumbuka. Sikukumbuka soli za viatu, wala bati, wala msiba. Niliinama kwenye tangi, upepo ukaniingia mpaka kwenye meno, injini ikawa inaimba chini yangu, nami nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu niolewe. Yule wa Kitwe alinipita mwishoni, tena kwa raha zake, kwa hiyo tulishindwa, ila tulishindwa tukiwa mbioni.

Nilipozima injini kule mwisho wa uwanja ndipo yakanirudia yote kwa pamoja. Ungekuwa hai, nisingekikalia kiti kile mpaka naingia kaburini. Furaha yangu ile nimeipata kwa sababu umekufa. Sijui mtu anaomba msamaha vipi kwa jambo la namna hiyo. Mama alinikuta kule nimesimama nimeshika usukani, akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

Tumerudi nyumbani. Pikipiki nimeifuta, nimeifunika. Lusajo ameacha habari za kuuza. Mama yuko salama, goti linamsumbua kidogo baridi ikija. Mwanetu anakua, ameanza kunyoa ndevu ambazo mimi bado sizioni.

Na ni juu yake huyo nataka kukuambia jambo kabla sijafunga barua. Nimeongea na Lusajo. Nimemwambia siku mwanetu atakapoleta mke kwenye mji huu, yule binti hatajificha nyuma ya mlango. Atamsalimia Lusajo akimtazama. Atakaa naye kwenye baraza, watakula meza moja, watagombana wakitaka kugombana. Lusajo akasema, "Baba asingekubali." Nikamwambia najua asingekubali.

Kwa hiyo nakuahidi kitu ambacho najua ni kukukosea tena. Nakukosea nikiwa na akili zangu timamu. Kasirika, Baba, ni haki yako, laiti ungekuwa hai unikasirikie. Mimi siku hiyo nitamshika yule binti mkono, nitamwambia: mkwe wako akianguka, usikimbie kumwita mtu. Mshike wewe.

Lala salama, Baba.

Mkamwana wako,
Tusekile