Chupa za Uki Chini ya Kitanda cha Anko

Kiboko,
Jumanne jioni.

Susu, bibi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje kwenye kigoda chako, na kwamba lile goti halikusumbui kama ulivyosema mara ya mwisho. Je, mbaazi mmeshavuna? Na yule mbuzi mweupe alizaa salama? Mimi ni mzima, na mwanao Anko Kyalo ni mzima pia. Mwikali ndiye atakusomea, najua, kwa hivyo namwomba dada yangu asome polepole na asiruke mahali popote, hata pale atakapotaka kucheka.

Ninaandika kwa sababu kwa simu naishiwa na maneno, na wewe hunisikii vizuri. Pia kuna jambo ambalo Anko hajakwambia sawasawa. Ameniambia, "Andika wewe. Wewe anakusikiliza mpaka mwisho." Sasa hivi ameketi mlangoni anamenya viazi ambavyo hatuvihitaji.

Shule inaendelea. Niko kidato cha tatu bado, na Kemia ndiyo ninayoipenda zaidi. Joto la hapa silizoei. Malori hupita barabarani mchana kutwa, na matairi hupasuka mara nyingi kiasi kwamba watu hawageuzi hata shingo. Kumbuka hilo la matairi, litarudi mbele.

Jambo lenyewe ni ntheo. Unajua tutapeleka mbuzi wa posa kwao Wavinya, mchumba wa Anko, kule Salama, Jumamosi ya wiki ijayo, na unajua kwamba bila siku hiyo Wavinya hata akiishi na Anko mpaka wazeeke ataitwa mgeni tu. Anko alikwambia kutakuwa na soda peke yake. Haikuwa hivyo. Babu yake Wavinya, ambaye ndiye msemaji wa ile nyumba, alisema mbuzi peke yao ni biashara. Anataka uki, ile pombe yetu ya asali, uliotengenezwa nyumbani kwa mwoaji, si wa kununua. Anko alimwambia sisi ni watu wa kanisa. Yule mzee akamjibu, "Hata mimi ni wa kanisa, kijana. Sijasema ulewe. Nimesema uniletee."

Kwa hivyo tulitengeneza uki, Susu. Naibu chifu aliambiwa, akasema wa ntheo hauna shida, bora usiuzwe.

Asali ilikuwa ile yako, ya mizinga ya marehemu Babu, uliyotutumia kwa ajili ya kifua changu. Kifua kilipona mapema. Anko alipata vipande vikavu vya tunda la muatini kutoka kwa rafiki yake wa Kibwezi, vile vinavyofanya asali ichachuke. Tulichanganya asali na maji ya vuguvugu kwenye ndoo ile kubwa ya kufulia, tukiwa tumeisugua vizuri kwanza, tukatia muatini, tukafunika kwa leso na kuifunga blanketi kama mgonjwa. Siku ya pili ilianza kutoa povu. Ukiweka sikio ulisikia kama watu wengi wananong'ona mbali.

Shida yetu ilikuwa chombo cha kubebea. Kibuyu hatuna. Anko hakutaka mitungi ya plastiki kwa sababu yote tuliyo nayo imewahi kubeba mafuta ya taa. Akasema tutumie chupa za glasi, zinaonekana za heshima. Basi kila nikitoka shule nilipita nyuma ya hoteli za barabarani kuokota chupa ambazo watu wametupa. Nilikuwa naona haya sana. Mwenye kibanda cha chai aliniita mbele ya watu, "Mumo! Mtoto wa Biblia! Umeanza lini?" Nilimwambia ni za maabara. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini baadaye alinitunzia nyingine kwenye gunia.

Nilizilowesha, nikabandua karatasi, nikazisafisha kwa mchanga na majivu, kisha nikazisuuza kwa maji moto. Moja ilipasuka kwa sababu nilimimina maji moto kwa haraka. Vifuniko havikuwepo, kwa hivyo tulichonga magunzi ya mahindi mpaka yakaingia vizuri kwenye shingo za chupa. Mpaka hapo nafikiri hata Babu asingetucheka.

Kuhamisha uki kutoka ndooni tulitumia kipande cha mpira mwembamba wa maji, ili mashapo yabaki chini. Lazima mtu avute kwa mdomo kwanza ndipo uanze kutiririka. Nilimwambia Anko mimi sitaki, nimeokoka.

"Vuta tu, usimeze," alisema. "Dhambi iko kooni, haiko mdomoni."

"Na ikiteleza?"

"Basi teleza nayo mpaka chupani, tunachelewa."

Nilivuta, nikatema. Ilikuwa tamu bado na inawashawasha ulimi. Sasa najua maana ya utamu ule: asali haikuwa imekwisha kuchachuka. Ndoo ilikuwa bado inanong'ona. Lakini Anko alikuwa na haraka, kwa sababu Jumapili iliyopita alasiri zamu ya maombi ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwetu, na hakutaka ndoo ya uki jikoni watu wakija.

Ndipo tukaziba. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha Kemia kwamba hewa ikiingia kwenye pombe huigeuza kuwa siki, na nikamsomea Anko ukurasa wote. Yeye alikuwa anafikiria harufu na waumini. Kwa hivyo tulikubaliana, kila mtu kwa sababu yake. Tuliyeyusha mishumaa, tukamwaga nta juu ya kila gunzi, kisha Anko akafunga shingo za chupa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akivuta kwa meno. Nta ilituishia kabla ya chupa kuisha. Zile za mwisho zilibaki na gunzi tupu, na tulizisukuma nyuma kabisa kwa aibu. Zote zikaingia chini ya kitanda cha Anko, zimefunikwa blanketi. Ulikuwa mchana wa jua kali sana.

Waumini walikuja. Mzee Kilonzo, ambaye ni mzee wa kanisa letu na ndiye atakayetuongoza kwa maombi siku ya ntheo, aliketi kwenye kiti kizuri. Mama Mbithe, jirani yetu, aliketi karibu na pazia la chumba cha Anko, ingawa Anko alimwonyesha kiti kingine mara kadhaa. Tuliimba. Mzee Kilonzo alikuwa katikati ya kuwaombea wagonjwa tuliposikia mlio mkubwa.

"Ni tairi," alisema Anko, macho yakiwa yamefumbwa.

Watu walisema amina, maombi yakaendelea. Kisha mlio wa pili, na wa tatu, na kioo kikamwagika sakafuni. Chini ya pazia ukatoka mfereji mdogo wa rangi ya dhahabu, ukaenda polepole mpaka kwenye viatu vya Mama Mbithe. Alivitazama.

"Kyalo," alisema, "hii ni tairi gani inakojoa?"

Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mzee Kilonzo alifungua macho, akanusa, akayafunga tena kwa muda. Nilikuwa nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Kyalo."

"Naam, mzee."

"Ntheo yako ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo, mzee."

"Basi tufunge maombi haraka, kabla hizo zingine nazo hazijaitikia amina."

Mama Mbithe alicheka kwanza, na baada yake wote. Alinigeukia akasema, "Na wewe msomi, hivyo ndivyo vitabu vinasema?" Nikasema ndiyo, ukurasa ninao. Wakacheka tena. Waliondoka wakiwa na maneno ya kuzungumza njiani, lakini hakuna aliyeondoka na hasira. Mama Mbithe alibaki akanisaidia kuokota vioo na kupangusa sakafu, na alitutania mpaka tulipomaliza.

Tulipoinua blanketi tuliona kwamba chupa zilizopasuka zilikuwa zile za nta. Zile za nyuma zilikuwa nzima, kila moja na povu dogo kuzunguka gunzi. Gunzi lilikuwa limeachia ile pumzi ya kuchachuka itoke. Nilikumbuka kibuyu chako cha maziwa kule nyumbani, na gunzi lake ambalo hulikandamizi kamwe. Nimekuona ukilitia kila siku tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuuliza. Tulizitoa nta zote zilizobaki. Uki uliookoka ni kidogo, lakini kwa ajili ya kuonjwa na wazee na kubarikiwa unatosha.

Sasa nifike kwenye jambo la barua hii. Mzee Kilonzo alirudi jana, akakaa nasi nje. Alisema kanisa halitamzuia Anko kuoa kwa sababu ya chupa, na yeye atakunywa soda yake. Lakini aliuliza, "Mama yako anajua kuhusu huu uki?" Anko akainama kufunga kamba za viatu. Mzee Kilonzo akasema hatasimama mbele za watu kumwombea mtu aliyemdanganya mama yake. Tena babu yake Wavinya ametuma neno kwamba uki hatapokea kutoka kwa kijana. Lazima akabidhiwe na mama wa mwoaji kwa mikono yake, maana Babu hayuko. Mama usipokuwepo, amesema, mbuzi watarudi walikotoka.

Najua ulipookoka ulivichoma vibuyu vya Babu vya uki uani, ukasema kitu hicho hakitapita tena mikononi mwako. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka moshi. Sikuombi ubadilishe neno lako kuhusu kunywa. Nimefikiria sana, na ninavyoona mimi, kukabidhi si kunywa. Na kwa kweli mikono yako imeshapita humu, kwa sababu asali ni yako. Kama nimekosea kufikiri, utanisahihisha.

Ukikubali, njoo na kile kibuyu cha maziwa na gunzi lake, kimeoshwa. Yule mzee hataki kuona chupa mbele yake, na sisi pia tumezichoka. Tutaumimina uki huko huko kwao. Ukikataa, mwambie Mwikali apige simu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ili Anko amwambie Wavinya mwenyewe badala ya kumwacha asubiri na jamaa zake. Wavinya hajui chochote kuhusu chupa kupasuka. Anajua tu kwamba utakuja.

Kila asubuhi kabla ya shule nalegeza magunzi kidogo, nasikia pumzi ikitoka, nayarudisha. Inazidi kupungua. Nafikiri karibu utulie.

Nisalimie Mama akipiga simu kutoka Mombasa, jirani yetu anayetuchungia mbuzi, mwalimu wangu wa Sunday school, na yule mzee anayepanda kuirina mizinga. Mwambie asali yake ina nguvu. Mwikali nitamletea kile kitabu cha hadithi nilichomwahidi, na Mungu azidi kukulinda, Susu, wewe na goti lako.

Ni mimi mjukuu wako,
Mumo.

Mama, ni mimi Kyalo. Amenipa nisome kabla ya kuifunga bahasha. Nimesoma yote na sijafuta kitu. Njoo.