Alikuta Usaha, Akaliacha Jiwe

Haneti, 9 Juni 2025

Mpendwa mshauri, Bibi Antonia,

Huu ni mwaka wa arobaini na nne tangu niondoke kwetu Njombe, nilipohamishiwa huku Haneti nikiwa mwalimu kijana kwa ahadi ya miaka miwili, nikaoa huku, nikastaafu huku, na sasa naomba msaada wako kwa sababu figo yangu ya kushoto ina jiwe lililoota matawi kama tangawizi, ambalo Daktari Emiliana wa mjini Dodoma alinionyesha kwenye picha, akanieleza kwamba jiwe la namna hiyo huenda lisitoke lote kwa mara moja, kwamba sukari yangu ishuke kwanza, na kwamba mkojo wangu uoteshwe maabara ili wadudu waliomo wajulikane na wauawe kabla hajanigusa.

Nilitimiza yote. Siku ya upasuaji alipitisha sindano mgongoni hadi ndani ya figo, na badala ya mkojo ukatoka usaha uliojificha nyuma ya jiwe, naye akasimamisha kazi palepale, akaweka mrija wa kuutoa, akanirudisha wodini. Nilipozinduka alivuta kiti. "Shikamoo mwalimu. Jiwe bado unalo. Ningelivunja leo, ule usaha ungeingia kwenye damu, na sasa nisingekuwa na mtu wa kumwamkia." Nimesoma vitabu vingi vya mashujaa, lakini sikumbuki aliyeweka chombo chini namna ile huku akijua atasemwa.

Na amesemwa. Shemeji yangu Noeli, mchimba visima, alipouona mfuko wa mrija alicheka: "Shemeji, mimi nikitoboa nikaondoka bila maji silipwi! Huyo kakutoboa tu?" Mke wangu Ruthu akamkata: "Wewe shimo likibomoka unachimba jingine. Mimi nina mume huyuhuyu."

Mdogo wangu Methodi ndiye anayenitesa, maana hupiga simu kila jioni kutoka Njombe: "Kaka, hayo maji ya chumvi ya huko ndiyo yamekuotesha jiwe. Njoo nyumbani unywe maji ya mto wetu, na huku wapo madaktari wanaomaliza kazi siku moja." Shamba la baba linanisubiri, anasema, na nafasi kando ya kaburi la mama. Asubuhi naamka nikiusikia mto ule. Upasuaji wa pili umepangwa mwisho wa mwezi, na gari la Methodi linakuja wiki ijayo kunichukua. Niende?

Zablon

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Zablon, shikamoo. Pole sana, na mpe Ruthu hongera zangu.

Unamsifu daktari barua nzima, kisha unauliza kama umkimbie! Mwanafunzi wako angeandika hivyo ungempa alama gani?

Nimemuuliza daktari wa figo ninayemwamini. Anasema matokeo hutegemea ukubwa na umbo la jiwe, wadudu, sukari, hali ya figo yenyewe na uzoefu wa mpasuaji. Umbo la jiwe huwezi kulibadilisha. Wadudu na sukari mnashughulika navyo, na mpasuaji unaye: yule aliyejua kuacha. Jiwe la matawi mara nyingi hukuzwa na wadudu wa mkojo, na hakuna mto unaoliyeyusha. Tena Methodi hajakutajia daktari hata mmoja kwa jina. Amekutajia mto. Ulilie mto huo, baba, una haki, lakini usiukabidhi figo.

Kwa hiyo baki. Mrija usiuguse. Ukipata homa au kutetemeka, au mrija ukiacha kutoa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe. Maliza dawa, na mkojo uoteshwe tena. Ukitaka daktari mwingine aitazame picha, omba waziwazi. Emiliana hawezi kununa kwa hilo. Baada ya upasuaji uliza kama kuna vipande vilivyobaki, maana kipande hukua tena. Na gari la Methodi lije, limlete yeye asaidie kukuuguza. Mwambie mwenyewe, leo, kabla hajaweka mafuta.

Tulimpelekea Mzee Zablon jibu hili kabla ya kulichapisha, naye akatuma mistari hii:

Nimempigia Methodi. Akauliza alete nini. Nimemwagiza chupa moja ya maji ya mto wetu. Ruthu amesema atayachemsha kwanza. Mimi Njombe sitarudi.