Vyungu vya Mama Mkubwa

Masasi, 5 Agosti 2024

Mama, shikamoo. Sisi wazima, kikohozi cha Nuria kimeisha. Miguu yako je?

Juzi niliwaambia wanafunzi wachore, kisha kila mtu ajipe maksi mwenyewe. Darasa la kwanza wote walijipa kumi, hata aliyechora mbuzi mwenye miguu mitano! La saba walifunika karatasi kwa mikono wakajipa mbili, na kazi zao nzuri kweli. Wewe na miaka yako sabini unajipa ngapi? Shule inatafuta mfinyanzi wa kuwafundisha, nami nimekutaja.

Mwanao, Brigita

Newala, 13 Agosti

Marahaba mwanangu. Miguu ni ya kizee, inanisogeza.

Najipa mbili, na wala sifuniki. Mfinyanzi alikuwa dada yangu Yasinta, Mungu amrehemu. Tulichoma vyungu vyetu katika lundo moja, na yeye ndiye aliyevitoa na kuvigawa: vizuri vyake, vilivyopinda vyangu. Alipokufa tukaweka kizuri kuliko vyote kaburini kwake, nami nikaacha udongo. Waoneshe hicho chake nilichokupa. Mimi niache.

Mama yako

Masasi, 21 Agosti

Mama, shikamoo. Poleni na baridi ya huko juu.

Nimekiosha chungu cha mama mkubwa. Ndani, chini ya mdomo, kuna alama ya kidole gumba chenye kovu. Mama, lile kovu la panga ni lako tangu usichana. Yeye hakuwa nalo. Nenda ukatazame na cha kaburini.

Mwanao

Newala, 30 Agosti

Marahaba. Afya ipo, moyo ndio sijui.

Nilikwenda na jirani, Mama Esha. Nilitia kidole kwenye alama, kikaenea sawasawa, na pale palikuwa na unyevu. Miaka thelathini kazi yangu iko juu ya maiti, nami najiita mpinda vyungu! Nimelia, halafu nimekasirika. Nikichukue?

Mama yako

Masasi, 5 Septemba

Shikamoo Mama. Kichukue, ni chako. Watoto wanakusubiri Jumatatu, tarehe 16.

Mwanao

Newala, 20 Septemba

Marahaba mwanangu. Usinune kwamba sikuja.

Nilichukua changu, nikamwachia dada kimoja kilichopinda, chake hasa, ninachonyweshea kuku. Kesho yake nikakikuta mlangoni. Nikasema ni utundu wa watoto, nikakirudisha. Nikakikuta tena, safari hiyo kimeoshwa. Leo ni mara ya nne, na Mama Esha hataki tena kunisindikiza.

Kurudi kwa chungu hakunitishi sana. Naogopa kwamba asubuhi hii nilikishika, nikakigeuza, nikaanza kukumbuka nilivyokifinyanga mimi mwenyewe. Njoo upesi, Brigita, kabla sijakipokea.

Mama yako